Sindano Niliyoulizwa Kiirua

Gari la Meru lilijaa mapema pale kituo cha Tea Room, Nairobi, tukashika barabara ya Thika. Mimi mtu wa pwani. Mlima Kenya nilikuwa nimeuona pichani tu. Tulipita mashamba ya mpunga ya Mwea, tukapanda Embu, Chuka na Chogoria katikati ya migomba na mibuni, gari likiteremka mtoni na kupanda tena hadi masikio yakaziba. Mjini Meru nikabadilisha gari. Kiirua nikapokewa na baridi, upepo na mashamba ya viazi.

Nilikuwa nakwenda kumjulia hali mama mkwe, mgonjwa wa sukari. Asubuhi nikamsindikiza kliniki. Benchini kina mama walishika madaftari yao ndani ya mifuko ya plastiki, wakiulizana mwenzao kapata ngapi. Zamu yake ilipofika, muuguzi akamtoboa kidole, tone la damu likanywewa na kijiti, mashine ikaonyesha 11.4. Mama akaguna.

Njiani akaniuliza, "Mwanangu, redio inasema kuna sindano ya kushusha sukari na mwili pia. Ni kweli ama ni matapeli?"

"Ni kweli, mama."

Nikamweleza kwamba chakula kikifika utumboni, utumbo wenyewe hutoa homoni. Mojawapo, GLP-1, huiamsha kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula tumboni, na huuambia ubongo kuwa mtu ameshiba. Kasoro yake ni kwamba haikai: nusu yake huvunjwa mwilini kwa dakika mbili hivi. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitangaza kwamba ndani ya sumu ya mjusi wa jangwani Marekani, aitwaye Gila, mna kemikali inayofanya kazi kama hiyo na kudumu zaidi. Humo ikatoka dawa iitwayo eksenataidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ya kuchomwa mara mbili kwa siku. Semaglutaidi, dawa ya jamii hiyo ya mwaka 2017, huchomwa mara moja kwa wiki. Katika utafiti mmoja mkubwa wa watu wanene wasio na kisukari, walioitumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Tirzepataidi, ya mwaka 2022, huiga homoni mbili za utumbo kwa mpigo.

"Mjusi?" Mama akacheka. "Huku angepigwa jiwe kabla daktari hajamfikia. Na bei je?"

Hapo ndipo nilipopunguza maneno. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza baadhi ya dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene na maradhi ya moyo au figo. Ila kuwa orodhani si kuwa kabatini, na kwa mkulima wa viazi bei yake bado ni mlima.

Kwa hiyo, msomaji, usinunue sindano hizi kwa wachuuzi wa mitandaoni. Huleta kichefuchefu na kutapika, ukiziacha uzito hurudi, na kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza haziwezi kuchukua nafasi ya insulini. Muulize daktari, pima sukari yako, na dawa uliyopewa usiiruke. Na wenye mamlaka ya afya wapiganie bei nafuu, ili dawa hizi zifike hadi Kiirua.