Mama Alipofungua Tena Daftari

Sisi tuandikao maneno haya ni mume na mke, wakaaji wa Lubumbashi, wazazi wa watoto sita. Mume ni fundi wa kushona. Mke ni tarishi katika ofisi moja ya Serikali. Alikuwa na miaka kumi na saba ya kazi hiyo jambo hili lilipoanza. Afungua milango asubuhi, apangusa meza, apeleka barua toka chumba hadi chumba. Twaandika pamoja kwa sababu jambo lenyewe lilitupata pamoja, ingawa aliyeketi mbele ya karatasi ya mtihani alikuwa mmoja tu. Watu wengi wametuuliza habari zake, na wengine wameuliza huku wakicheka. Yafaa tuwajibu wote mara moja.

Katika utumishi wa Serikali ya nchi yetu, daraja za kazi hufuata diploma. Aliyetoka chuo kikuu huanzia juu. Aliyemaliza sekondari na kupata Diploma ya Serikali huanzia katika ukarani. Asiye nayo hubaki chini, awe hodari namna gani. Tena sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi yataka watu waingizwe kazini kwa mtihani wa ushindani. Basi mtu wa chini anayetamani kiti cha karani ana mitihani miwili mbele yake: wa kwanza ni wa kupata diploma, wa pili ni wa kupata kiti. Mama wa nyumba yetu aliacha masomo mwaka 1999, akiwa katika mwaka wa tano wa sekondari, upande wa biashara. Ilikuwa wakati wa vita, baba yake alikuwa amekaa miezi mingi bila mshahara, na wadogo zake walikuwa wanne. Alibakiza mwaka mmoja. Mwaka huo mmoja ukageuka kuwa miaka ishirini na miwili.

Kilichomwamsha ni kijana mmoja aliyeletwa ofisini kuwa karani. Angaliweza kuwa mtoto wake wa kwanza. Kijana huyo alikuwa na adabu, alimwita «Mama» kwa heshima, na kila siku alimwuliza: «Mama, faili la mwaka fulani liko wapi?» Naye Mama humwonyesha. Hatumlaumu kijana, diploma yake aliitafuta kwa jasho. Lakini jioni moja mwaka 2021, tukiwa mezani, Mama alisema: «Najua kila karatasi ilipo, lakini sina ruhusa ya kuandika hata moja.» Baba hakujibu usiku ule. Alijibu siku ya tatu, kwa kuleta madaftari mawili mapya kutoka sokoni.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Babu zetu waliokuwa makarani wakati wa Wabelgiji walijua kazi kuliko walivyoruhusiwa kupanda. Mpaka sheria mpya ya watumishi ya mwaka 1959, ngazi za juu zilikuwa kama zimefungwa kwa Mwafrika. Na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa katika vyeo vikubwa kabisa vya utawala walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Muda mfupi baadaye viti vingi vikabaki vitupu. Ndipo mwaka 1961 ilipofunguliwa mjini Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala, ili kuwaandaa kwa haraka watu wa kuvikalia. Mwaka 1967 ukaja Mtihani wa Serikali, ambao watoto wetu huuita Exetat: mtihani mmoja kwa nchi nzima, maswali yale yale kwa mtoto wa Kinshasa na mtoto wa kijiji cha mbali. Mlango wake hauko wazi kwa wanafunzi wa shule peke yao. Wanaojisomea wenyewe, wale waitwao otodidakti, huruhusiwa pia kuufanya, mradi wapite kwanza katika mtihani mwingine wa kuwachuja. Kwa mlango huo ndipo Mama alipopiga hodi.

Watu hudhani kwamba mtu mzima akirudi kusoma, shida yake ya kwanza ni kichwa. Sisi twasema shida ya kwanza ni saa. Mtoto wa shule anapofungua kitabu, hamnyang'anyi mtu kitu. Mama wa watoto sita akifungua kitabu, kila saa anayoisoma ilikuwa na mwenyewe: hii ilikuwa ya kupika, hii ya kufua, hii ya kumsikiliza mdogo wa mwisho, hii ya kwenda kuwapa pole waliofiwa. Ilitubidi kukaa chini na kuzigawa upya kama watu wanaogawana shamba. Baba alichukua jiko la jioni. Fundi wa kushona aweza kupima kiuno cha mtu kwa jicho tu, lakini kupima unga wa bukari ni elimu nyingine. Juma la kwanza watoto walikula kwa adabu, si kwa hamu. Mtoto wa pili alichukua maji na makala. Kuhusu misiba, tulikubaliana kwamba Baba ataenda kwa niaba ya wote wawili, na jambo hilo ndilo lililotuletea maneno mengi kuliko yote. Walisema Mama amekuwa na majivuno. Walisema Baba amelishwa dawa. Fundi mwenzake alimwuliza mbele ya wateja kama bado anavaa suruali au amekwisha kuishona kuwa sketi. Tulicheka naye, alikuwa na ulimi mzuri, hata leo twalikumbuka neno lile.

Umeme nao ulikuwa na saa zake. Nguvu za umeme za Katanga hutoka katika mabwawa kama Nzilo na Nseke, yaliyojengwa juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950, na mtaani kwetu nyaya zipo, lakini taa huwaka zipendapo. Mara nyingi umeme ulikuja saa nane za usiku. Mama alijizoeza kulala mapema pamoja na watoto wadogo, akiacha swichi imewashwa. Taa ilipowaka, ndiyo iliyomwamsha.

Sasa juu ya kichwa chenyewe. Ni kweli kwamba mambo ya kukariri yaliingia polepole na kutoka upesi. Majina ya milima na tarehe za wafalme wa Ulaya yalimtesa. Lakini mambo yaliyogusa kazi yake yalimwingia kama maji katika mchanga: maana ya risiti, nguvu ya sahihi, tofauti ya deni na malipo. Msichana wa miaka kumi na saba husoma neno «ankara» kitabuni. Mama alikwisha kubeba ankara mikononi kwa miaka kumi na saba.

Kazi kubwa ilikuwa katika uhasibu. Alipoacha shule mwaka 1999, wanafunzi walifundishwa utaratibu wa zamani wa nchi yetu, uliowekwa mwaka 1976. Baadaye Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika uitwao OHADA, na kuanzia mwaka 2012 umoja huo ukashika nguvu kwetu. Utaratibu wake wa hesabu ukachukua mahali pa ule wa kwanza, kisha ukarekebishwa tena tangu tarehe 1 Januari 2018. Mama alikuwa bado anayakumbuka mafundisho ya zamani, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Asiyejua kitu hujifunza mara moja. Aliyejua ya zamani hujifunza mara mbili, kwa maana yampasa kwanza kuyaondoa yaliyokaa. Alibandika nambari mpya za hesabu ukutani jikoni: 52 kwa benki, 57 kwa sanduku, na nyingine nyingi. Hata mdogo wetu wa miaka sita alizijua. Alipotumwa kuchukua pesa za chumvi, alisema anakwenda hamsini na saba.

Mwalimu wa uhasibu alikuwa binti yetu mkubwa, aliyefuata masomo yale yale ya biashara shuleni. Hapa twaomba wazazi watusikilize. Kwa desturi zetu, mtoto hamwambii mama yake «umekosea». Binti alipoona kosa, alinyamaza, akainama, akakunja ncha ya daftari. Siku nyingi zilipotea hivyo, kosa likipita mbele ya macho mawili na mawili bila kuguswa. Mwishowe ni bibi yao, mama wa Baba, aliyetafuta njia. Alimwambia mjukuu: «Usimwambie amekosea. Mwambie: Mama, tuangalie tena.» Tangu siku ile neno hilo likawa la nyumba nzima. Bukari ikiungua, watoto husema: «Baba, tuangalie tena.»

Mwaka 2022 Mama alifanya mtihani wa kuchujwa, na jina lake halikutokea. Sisi tulijua kilichomwangusha. Maswali yote ni ya Kifaransa, na Kifaransa cha Mama kilikuwa kimelala miaka mingi. Ofisini watu humwagiza kwa Kiswahili. Alipotoka alisema alijua majibu, lakini aliposoma swali mara tatu ili kulielewa, saa ilikuwa imekwisha.

Mwaka uliofuata binti naye alifika mwaka wa mwisho. Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali ni bure, lakini sekondari siyo, na mtihani una malipo yake ya kujiandikisha. Tulikuwa na watahiniwa wawili katika nyumba moja na fedha za mmoja. Bibi alisema waziwazi: «Mwanangu, mwanafunzi hana wanafunzi nyumbani. Mwachie mtoto.» Hakusema kwa ubaya, alikuwa akihesabu kama sisi. Mama mwenyewe alikwisha kukubali. Alikuwa ameyafunga madaftari kwa kitambaa na kuyaweka juu ya kabati.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na matofali elfu mbili, tuliyoyakusanya kidogo kidogo kwa miaka minne, ya kujenga chumba cha wavulana. Baba aliwaita wavulana watatu, akawaketisha juu ya matofali yale, akawauliza kama waweza kulala mwaka mmoja zaidi sebuleni. Mkubwa wao aliuliza: «Na Mama asipopita tena?» Baba akajibu: «Basi tutakuwa hatuna chumba na hatuna diploma.» Hatukutaka kuwadanganya. Walitazamana, kisha mdogo akasema sebuleni kuna joto kuliko chumbani. Juma lile mnunuzi alikuja na gari. Twakiri kwamba hatukusimama kutazama matofali yakipakiwa.

Mwaka ule wa pili Mama alifanya Kifaransa kuliko kitu kingine. Kila siku alisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa gazeti alilokuta ofisini, na yule karani kijana alikubali kumsahihisha insha saa ya mapumziko. Hakutaka malipo. Alisema: «Mama, umenionyesha mafaili mangapi?»

Jina lake lilitokea. Mtihani mkubwa ulikuja majira ya baridi, siku nne, na kwetu Lubumbashi baridi ya asubuhi katika miezi ile huuma vidole. Baba alikuwa amemshonea blauzi nyeupe na sketi ya bluu, rangi za wanafunzi wote, asionekane kama mgeni kati yao. Binti alikwenda kituo chake, Mama chake. Asubuhi ya kwanza msimamizi mmoja alimzuia Mama mlangoni, akamwambia wazazi wangoje nje. Mama alitoa kadi yake ya mtahiniwa. Msimamizi aliisoma, akavua kofia, akamwonyesha benchi. Benchi lilikuwa fupi kwa magoti yake. Alikaa upande siku zote nne.

Matokeo yalifika kwa simu, ya binti kwanza: asilimia 63. Hatukushangilia mara moja. Tulikaa kimya tukimwangalia Mama, naye alikuwa akimkumbatia mtoto kana kwamba hana lingine la kungojea. Ujumbe wake ulikuja jioni: asilimia 54. Wasomaji wajua desturi ya siku ile, jinsi vijana waliofaulu wanavyomwagiwa poda nyeupe kichwani na kuimba barabarani. Wavulana wetu watatu walimmwagia mama yao kopo zima. Wateja wa Baba walitoka nje kuona. Yule fundi mwenye ulimi alifika naye, akachota poda iliyoanguka chini, akajipaka usoni, akasema na yeye amefaulu kunyamaza.

Chumba cha wavulana hakijajengwa. Mtihani wa ushindani wa ukarani nao bado. Mama amepeleka nakala ya diploma na barua yake, na faili limepokelewa kwa mhuri. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajapangusa meza, hutazama ubao wa matangazo. Hajui utaitishwa lini, na katika umri wake miezi si kitu cha kutupa.

Wakati huo huo, wanawake watatu wa mtaa wetu wamekuja kuomba madaftari. Mmoja huuza mkaa, mmoja ni tarishi kama Mama, wa tatu hakutuambia kazi yake. Tumewapa ya Kifaransa, ya historia na ya jiografia. La uhasibu tumewaambia wangoje kidogo, au waje walinakili hapa hapa mezani, kwa sababu Mama bado analihitaji. Waja jioni ya Jumanne na ya Ijumaa. Baba hupika.