Vipande Viwili vya Doti

Mavazi ni jambo ambalo watu hulidharau kwa ulimi na kulitukuza kwa macho. Mtu akisema kuwa nguo ni kitu kidogo, mtazame anavyofunga kilemba chake au anavyopanga vifungo vyake, utaona kuwa moyo wake haukubaliani na maneno yake. Walakini mwanamke akisha kuzaa huambiwa, na aghalabu hujiambia mwenyewe, kwamba zamu yake ya kuchagua nguo imekwisha: sasa ni mama, na mama yampasa avae chochote kilicho karibu. Shauri hili lina sura ya unyenyekevu, lakini yafaa lipimwe kabla ya kukubaliwa.

Katika machimbo madogo ya dhahabu pande za Katoro, mkoani Geita, aliishi mwanamke mmoja mzaliwa wa Shinyanga, mtoto wa wakulima wa pamba. Alipofika machimboni alikuwa bado msichana, akajulikana kwa kilemba chake. Alikifunga upande wa kushoto, fundo likakaa juu ya sikio, hata watu waliomwona kwa mbali, karibu na karasha la kusagia mawe, walimtambua kabla hawajauona uso wake. Hakuwa na mali nyingi. Kilemba kile kilikuwa kama sahihi yake.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, jina lake lilifunikwa na jina la mtoto, kama desturi ilivyo, naye hakuchukia. Lakini pamoja na jina kilipotea kilemba. Magauni yake ya zamani yalimbana kifuani na kiunoni. Moja tu lilimtosha, nalo lilifungwa kwa zipu mgongoni, hivyo akitaka kunyonyesha ilimbidi kulifunua lote tangu chini. Basi akatwaa fulana kuukuu ya mumewe na kipande cha kanga, akavifanya nguo za mambo yote: za kulalia, za kupikia, za kuchekechea mchanga na za kunyonyeshea.

Katika migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ulioanza mwaka 2001, mwajiriwa ana mkataba na sheria ya kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Lakini mchekechaji asiye na mwajiri hana wa kumdai siku hizo. Mtoto wake alipotimiza miezi 2, mwanamke yule alirudi kazini, mtoto mgongoni.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatari. Jiwe likisagwa hutoa vumbi linaloumiza mapafu. Mchanga ukisha kuoshwa huchanganywa na zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa, zebaki ikapanda kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Zebaki ni sumu ya ubongo na neva, na mtoto mchanga hudhurika nayo upesi kuliko mtu mzima. Mwaka 2013 mataifa yalipatana katika Mkataba wa Minamata kupunguza matumizi yake. Lakini mkataba haufui nguo ya mtu.

Mama yake alikuja kutoka Shinyanga kumwona mjukuu, akamletea doti ya kanga. Kanga, kama ijulikanavyo, huuzwa kwa jozi: vipande viwili vyenye pindo moja, mji mmoja na jina moja. Jina la hizi lilikuwa "Nani kama mama". Siku ya tatu mzee yule alimwona binti yake akirudi kazini, akaketi, akamnyonyesha mtoto ndani ya fulana iliyojaa vumbi. Kiunoni alikuwa amechomeka kitambaa cha kukamulia, nacho kilikatwa katika kanga zile mpya.

"Mwanangu," aliuliza, "doti niliyokuletea ilikuwa na vipande viwili. Kimoja ni mbeleko ya mtoto. Cha pili umempa nani?"

"Nimekifanya kitambaa cha kazi, mama. Mimi sasa nina haja gani ya kujipamba?"

"Sikusema ujipambe. Nasema uwe na nguo iliyo yako. Mwenye nguo moja hulala na kazi yake, na mtoto hulala nayo pia."

Binti hakujibu usiku ule. Asubuhi walikwenda kwa fundi cherehani na kitenge. Gauni lilishonwa pana, la mikono mifupi, lenye vifungo mbele tangu shingoni hadi kiunoni, na mkanda wa kitambaa wa kukazwa au kulegezwa kadiri mwili utakavyorudi. Fundi alipotaka kuyatupa mabaki, mwanamke aliyaomba. Yalitosha kilemba.

Tangu siku ile fulana ikawa ya machimboni tu. Aliivua nje, akaifua mbali na nguo za mtoto, akaoga, ndipo akavaa gauni lake na kumpokea mtoto kutoka kwa bibi yake. Kazi ya kukamua na kuchoma zebaki aliiacha, kwa maana hapana nguo iwezayo kuzuia mvuke. Na kwa kuiacha alipoteza sehemu ya ujira wake. Majirani wengine walicheka, wakasema mama mzima amerudia usichana. Hawakuona kwamba nguo ile ile iliyomrudishia umbo lake ndiyo iliyompa mtoto kifua safi.

Jioni moja mtu alimtambua kwa kilemba toka ng'ambo ya njia, akamwita kwa jina lake mwenyewe. Aligeuka, mtoto kifuani, akaitika. Doti ina vipande viwili, na mwenye kumpa mtoto kimoja hamwibii kitu akijiwekea cha pili.