Masikio ya ndovu: Kutoka mabonde ya Murang'a hadi uani kwako

JIJI la Nairobi lilipewa jina na maji. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1899, Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani mahali pa maji baridi, na penye maji hapakosi vinamasi.

Vinamasi vingi vimefukiwa na kujengwa. Hata hivyo, ukipita katika mitaa ya Buruburu, Umoja, Kasarani au South B, utaona mmea mmoja wa kinamasi ukiwa umerudi kimyakimya. Umesimama ndani ya ndoo iliyopasuka, kando ya karo au langoni, majani yake yakiwa mapana kuliko sinia la wali. Wengi huuita masikio ya ndovu.

Je, mmea huu hupatikana wapi? Ni upi ulio chakula na ni upi ulio pambo tu? Na je, ni salama kwa nyumba yenye watoto? Msomaji, makala haya yatakutoa kando ya lami, yakupeleke hadi mabonde ya Murang'a, kisha yakurudishe uani kwako.

Vitalu vya kando ya barabara

Safari huanza kwenye barabara za Ngong, Kiambu na Limuru, ambako wauzaji wa miche wamepanga bidhaa zao kwa safu. Wengi hawana ardhi yao wenyewe. Wamejibanza kwenye kipande kilichoko baina ya lami na ua la watu wengine, na barabara inapopanuliwa wao huwa wa kwanza kuhamishwa.

Masikio ya ndovu huwekwa nyuma, chini ya wavu mweusi wa kivuli. Hapo utapata yenye majani ya kijani yanayong'aa, mengine ya zambarau iliyokolea hadi ikakaribia weusi, na mengine yenye mistari myeupe kama iliyochorwa kwa chaki.

"Hii ni ya kivuli, dada," kijana mmoja alimwambia mteja aliyekuwa akiinama kutazama. "Ukiiweka juani inaungua kama mandazi."

"Na inaliwa?"

"Hiyo ni ya kuangalia tu. Ya kula katafute sokoni."

Jibu hilo ni fupi, lakini anayelisahau anaweza kuiponza familia yake. Jina masikio ya ndovu hutumiwa kwa mimea kadhaa inayofanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia.

Ndugu watatu

Wa kwanza ni kolokasia. Huyu ndiye nduma tunayekula na chai asubuhi. Watanzania humwita magimbi, na watu wa Pwani ya Kenya humwita majimbi. Mgeni akisikia jimbi huko Mombasa lazima asikilize vizuri, kwani jogoo naye huitwa hivyo hivyo.

Wa pili ni alokasia, ambaye ndiye hasa pambo la vitaluni. Wa tatu ni zanthosoma, aliyetoka Marekani ya kitropiki na ambaye naye ana viazi vinavyoliwa vikiisha kupikwa.

Utawatofautishaje? Tazama mahali shina la jani linaposhikana na jani lenyewe. Kwa nduma, shina hushika ndani ya jani, mbali kidogo na ule mkato wa juu, na ncha ya jani huinama kutazama ardhi. Kwa zanthosoma, shina hushika pale pale penye mkato. Nao alokasia wengi wana majani magumu yanayong'aa, na aina zilizo kubwa zaidi huelekeza ncha juu kana kwamba zinasikiliza ndege.

Ukiwa bado na shaka baada ya kutazama, usipike. Chakula kinunuliwe kwa muuza chakula, na pambo kwa muuza pambo.

Nduma wenyewe si wageni wa jana. Asili yao ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, na walifika Afrika zamani mno. Wamisri huwaita qulqas na huwapika kwa mchuzi. Nigeria ndiyo inayoongoza ulimwenguni kwa kuwavuna.

Katika visiwa vya Hawaii, simulizi za wenyeji husema mmea huo ulichipuka kwenye kaburi la mtoto wa kwanza, na kwamba binadamu ni mdogo wake. Huko Samoa, ugonjwa wa kukausha majani ulizuka mwaka 1993 na kuharibu mashamba karibu yote, hata taifa zima likapoteza zao lake kuu la kuuza ng'ambo.

Hapa kwetu hata jina lao la Kiingereza, lile linaloandikwa kwenye orodha za vyakula hotelini, si lao. Ni jina la maranta, mmea mwingine kabisa wa nchi za Karibi na Marekani ya Kusini.

Bondeni

Anayetaka kumjua nduma vizuri sharti ashuke bondeni. Kutoka Nairobi hadi mji wa Murang'a, ulioitwa Fort Hall enzi za mkoloni, ni mwendo wa kilomita zipatazo 85. Unafuata barabara kuu ya Thika, unapita Kenol na Maragua, kisha hewa inaanza kubadilika.

Ukiendelea kuelekea Kangema, barabara hupanda mgongo mmoja na kushuka mwingine. Huko juu ni kahawa, na mbele zaidi ni chai. Lakini kila gari linaposhuka kuelekea darajani, tazama chini. Pale kijito kinapopinda utaona kiraka cha majani mapana ya kijani kibichi, yakicheza kwa upepo hata wakati mahindi ya juu yamekauka. Hao ndio nduma.

Nyanya mmoja tuliyemkuta akivuna alikuwa amezama kwenye matope hadi karibu na magoti. Alishika mashina kwa mikono miwili, akayatikisa, kisha akavuta taratibu. Kiazi kilitoka kikiwa kimejaa mizizi kama ndevu.

Hakukiweka chini. Kwa panga alikata kiazi, akaacha kipande chembamba cha kichwa chake kikiwa na shina la urefu wa mkono, akapunguza majani, kisha akalididimiza shina hilo kwenye shimo lile lile. Kuvuna na kupanda vilikwisha kwa wakati mmoja.

"Mwanangu, nduma hataki haraka wala uvivu," alisema. "Ukimng'oa mapema ni maji matupu. Ukimsahau anakuwa kamba mdomoni."

Tulipomuuliza kwa nini kiraka cha jirani kilikuwa kimekauka, alielekeza kidole kwenye mikalitusi iliyosimama kando ya kijito. Miti hiyo hukua upesi na huleta pesa za kuni na nguzo, lakini hunywa maji mengi. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Mbunge wa Kangema na aliyeshika Wizara ya Mazingira kuanzia 2008 hadi alipofariki Februari 2012, aliamuru mikalitusi iondolewe kwenye kingo za mito na chemchemi. Nduma ni mmoja wa mimea ya kwanza kumwonyesha mkulima kwamba chemchemi yake inakufa.

Nduma wa mtoni jijini

Si lazima uende Murang'a ili uone nduma wakimea. Wapo pia kando ya Mto Nairobi, Mto Ngong na Mto Mathare, tena wakiwa wanene na wazuri wa kutamanisha.

Hapa ndipo penye tatizo. Mito hiyo hupokea maji machafu ya vyoo, mafuta ya magereji na taka za viwanda. Nduma hukaa humo miezi mingi akinywa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini kama risasi, na madini hayo huwadhuru zaidi watoto wadogo.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu tu wanaolima hapo. Wengi hawana kipande kingine cha ardhi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliposomba nyumba za Mathare na Mukuru, bustani za kingoni zilikwenda pia, nazo zilikuwa chakula cha jioni cha watu.

Kwa mnunuzi, njia iliyo salama ni kuuliza nduma wametoka wapi, na kununua kwa muuzaji asiyebabaika akiulizwa. Njia nyingine ni kupanda wako mwenyewe.

Kinamasi cha uani

Kwa bahati nzuri, nduma hahitaji mto. Wakulima wengi nchini sasa humpanda nchi kavu kwa kumtengenezea kinamasi chake.

Chimba mtaro wenye kina cha futi mbili na upana wa futi tatu, urefu kadiri ya nafasi uliyo nayo. Tandika karatasi nene ya nailoni chini na kandokando ili maji yasizame. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, kiasi sawa kwa sawa, kisha urudishe ndani ukiacha nafasi ya juu ya kumwagilia maji.

Panda miche ikiachana kwa futi moja na nusu au mbili. Mwagilia hadi udongo uwe kama ugali laini. Miezi sita hadi minane baadaye utakuwa tayari kuvuna, ingawa mahali penye baridi kama Limuru huenda ukangoja zaidi.

Anayeishi kwenye fleti asikate tamaa. Ndoo kuukuu ya lita 20 hutosha mche mmoja. Itoboe mashimo machache ubavuni, karibu inchi nne kutoka chini, ili maji yabaki kwenye sakafu ya ndoo na yanayozidi yatoke. Siku za mgawo wa maji, tumia yale uliyooshea mchele au mboga. Maji yenye sabuni usimpe.

Alokasia wa pambo ana masharti mengine. Yeye hupenda unyevu lakini miguu yake huoza ikizama majini. Mpe chombo chenye mashimo chini, udongo mwepesi uliochanganywa na mboji, na mwanga usio wa jua kali. Umwagilie udongo wa juu ukianza kukauka.

Kwa wote wawili, usiache maji yaliyotuama juu ya udongo wala kwenye visahani vilivyo chini ya vyombo. Mbu hawaulizi kama hiyo ni bustani.

Mtoto na jani

Sasa tuje kwenye jambo linalowatia wazazi hofu. Mama mmoja wa Buruburu alisema alikaribia kung'oa mimea yake yote baada ya mtoto wa jirani kutafuna kipande cha jani na kulia mchana kutwa.

Hofu yake ina msingi. Nduma, alokasia na zanthosoma wote wana chembechembe zenye ncha kama sindano. Zikiguswa na ulimi huchoma na kuwasha, midomo ikavimba na udenda ukatiririka. Ndiyo sababu hata anayemenya nduma mbichi huwashwa mikono, na wapishi wazoefu hujipaka mafuta au huvaa glavu.

Mtoto akitafuna jani, toa vipande vilivyobaki mdomoni, msukutue kwa maji, kisha mpe maji au maziwa baridi. Mwoshe na mikono asije akajisugua macho. Usimlazimishe kutapika. Ukiona ulimi au koo vinavimba, au anapumua kwa shida, mkimbize hospitalini bila kungoja.

Moto ndio unaomtuliza nduma. Kiazi kichemshwe hadi uma upenye bila kusukumwa, kwa kawaida dakika 45 hadi saa moja. Majani nayo huliwa, mradi yapikwe sawasawa. Familia za Wagujarati hapa Nairobi hupaka majani hayo uji mzito wa unga wa dengu, ukwaju na viungo, huyakunja kama mkeka, huyapika kwa mvuke, kisha huyakata vipande na kuyakaanga. Wao huita chakula hicho patra.

Mama yule wa Buruburu hakung'oa mimea yake. Aliinua vyombo juu ya ukuta mfupi ambao watoto wadogo hawaufikii, na wale wakubwa akawafundisha mchezo ambao kila mtoto wa bondeni anaujua: kumwaga tone la maji juu ya jani la nduma na kulitazama likibingirika kama shanga bila kulilowesha jani.

Mvua ndefu huanza Machi na zile fupi Oktoba, na huo ndio wakati mwafaka wa kupanda. Anayetia miche yake udongoni Machi anaweza kuvuna watoto wakiwa nyumbani kwa likizo ya Novemba na Desemba. Waache wang'oe wao wenyewe, lakini kila kichwa kilichokatwa kirudishwe shimoni kabla ya sufuria kuinjikwa.