Niliufuata wali wangu hadi Pugu!

Wiki hii sikupeleki ufukweni wala disko. Nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, nikateremka mwisho wa gari, nikadandia bodaboda hadi Pugu Kinyamwezi, lilipo dampo kubwa la jiji la Dar es Salaam. Utauliza, kijana mtanashati anafuata nini dampo? Subiri nikupe mkanda mzima.

Mimi na mshkaji wangu tumepanga chumba Buguruni, shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mwezi jana siku ikafika, mifuko mitupu. Asubuhi hiyohiyo kijana anayezoa taka mtaani kwetu akanyanyua kiroba chetu, akaguna.

"Kaka, mnatupa mawe humu?"

"Wali tu huo, umechacha."

"Zingekuwa chupa ningekushukuru. Chupa wanapima kwa kilo, unapata hela. Wali hauna bei. Kama huamini, njoo Pugu uone unavyolala."

Hauna bei? Mbona dukani nililipa? Nikachukua kalamu. Ukijumlisha siku zote, kwa wiki tunamwaga wali wa kama kilo moja ya mchele. Kilo shilingi 3,000, mara wiki 52, ni shilingi 156,000. Yaani kodi ya miezi mitatu na chenji ya vocha juu! Hapo sijagusa nazi, mafuta wala mkaa. Kumbe wali ukichacha, na sisi tunachacha.

Sababu ni ushamba wetu wa kimjini. Mchana tunapika sufuria la kujaza macho, jioni tunapitia chipsi na mishikaki kijiweni, wali unabaki unatutazama. Friji hatuna, na joto la Dar si unalijua? Na hata ukiwa bado mzima, nani akubali kuonekana anakula kiporo? Wapangaji wenzetu watasema nini!

Basi bwana, Kinyamwezi inakupokea kwa pua kabla ya macho. Malori yanapanda mlima wa taka, yanamwaga, kunguru wanashuka, na watu wenye vyuma vilivyopinda wanakimbilia chupa na vyuma chakavu. Wali, maganda na nyanya zilizooza vinaachwa palepale. Nikamwona mama mmoja ameokota mkate ungali ndani ya mfuko wake. Akaugeuza, akaupangusa, akauweka pembeni na vitu vyake. Sikuwa na ubavu wa kumwuliza ni wa nini.

Sasa sikia hili. Chakula kikifukiwa chini ya taka, pasipo hewa, kinaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo, kilo kwa kilo, inaipasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa. Na fikiria safari yenyewe. Mchele wa Kyela unasafiri kwa lori zaidi ya kilomita 800 kuja Dar, unapikwa kwa mkaa wa miti iliyokatwa, halafu unapandishwa lori tena kwenda kuoza Pugu!

Usidhani ni Buguruni peke yetu. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitoka majumbani, si hotelini wala sokoni. Ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, wakati watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa.

Niliporudi nikanunua kikombe cha kupimia. Vikombe viwili vya mchele, basi. Anayekwenda kula chipsi aseme mapema, siyo usiku. Ukibaki, tunaumaliza jioni ileile, na ukoko wanapewa kuku wa mama mwenye nyumba. Majirani wanacheka, wacheke tu.

Kodi? Nimelipa ya mwezi mmoja, miwili nadaiwa. Kijana wa taka naye anasema kiroba chetu siku hizi chepesi. Wewe cha kwako kina uzito gani? Kesho asubuhi, kabla hakijachukuliwa, hebu kinyanyue kidogo.

Tukutane wiki ijayo, kama mwenye nyumba hajanifungia mlango!