Kupima Vifaa Tusivyoviunda

Mwalimu aghalabu hufundisha kwa vifaa ambavyo hakuviunda mwenyewe: vitabu, ramani, na siku hizi programu za kompyuta. Kifaa kikitoa jibu lisilo sahihi, yatupasa kufanya nini?

Tumtazame mwalimu mwenzetu, Thomas Nicely, aliyefundisha hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Marekani. Mwaka 1994 alikuwa akigawanya 1 kwa namba tasa na kujumlisha majibu, naye akaona hesabu zake hazipatani. Hakukimbilia kulaumu. Alichunguza programu aliyoiandika, kisha ile ya wengine iliyoifasiri kwa kompyuta, kisha mtambo wenyewe. Kompyuta ya aina ya zamani ilitoa jibu sahihi. Yenye kipande cha Pentium cha kampuni ya Intel ilikosea. Sehemu ya kukokotoa desimali ilipozimwa, kosa likatoweka.

Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia wenziwe, akitaja mfano mmoja: 1 kugawanywa kwa 824633702441. Tarakimu zote baada ya ile ya nane zilikuwa za makosa. Kila aliyetaka aliweza kujaribu na kujionea. Desemba hiyo Intel ilikubali kuwabadilishia wenye vipande hivyo.

Nanyi, walimu wanafunzi, msitosheke kusema "kitabu hiki kibovu". Andikeni toleo, ukurasa, mlichofanya, mlichotarajia na mlichopata. Lalamiko lisiloweza kupimwa halimwokoi mtoto anayenakili kosa kwa imani.