Memwari ya Kutumika na Memwari ya Kuchunga

Kompyuta niliyoandikia kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa imechoka ofisini kwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu Katuba. Ilikuwa ya mezani, yenye prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha tatu, memwari ya giga 4 na diski ngumu ya kuzunguka ya giga 500. Kuiwasha kulichukua dakika 6. Mama alizoea kusema kwamba atawasha mbabula na kuchemsha chai kabla mimi sijafungua ukurasa wa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika neno kwa neno masimulizi ya wazee waliostaafu kazi ya migodi hapa Lubumbashi. Nilikuwa na saa 12 za sauti. Nilitumia ELAN, programu ambayo wengi wetu katika isimu tunaifahamu: inaonyesha mawimbi ya sauti, na chini yake unaandika maneno. Ili kusikia vizuri neno moja hurudi nyuma mara tatu, mara nne. Kwenye kompyuta yangu kila kurudi nyuma kulikuwa kungoja. Usiku mzima nilipata dakika 5 za masimulizi, na tarehe ya kuweka kazi ilikuwa inakaribia.

Mama, anayeuza fretini sokoni, akanipa dola 60. Akasema: «Tengeneza mashini yako, umalize.»

Washauri hawakukosekana. Binamu yangu alitaka ninunue kadi ya picha. Ingemfaa yeye anayecheza michezo. Maandishi na sauti haviihitaji, na kisanduku cha umeme cha kompyuta yangu ni kidogo, kisingeweza kulisha kadi kubwa. Rafiki anayesoma informatiki alisema nibadilishe prosesa. Huyo nilimsikiliza zaidi, lakini kabla ya kutoa pesa nilifungua lile dirisha la Windows linaloonyesha nani anafanya kazi na nani amelala. Nikaacha ELAN ikiwa wazi, nikaandika kama kawaida, nikatazama. Prosesa haikupita asilimia 20. Memwari ilikuwa imejaa giga 3.7 kati ya 4. Diski ilikuwa asilimia 100, haishuki.

Maana yake nilielewa baadaye kidogo. Memwari ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi yake kwenye diski. Diski ya kuzunguka ina sindano inayokimbia huku na huku kutafuta, kwa hiyo kila kitu kinasimama kuingoja. Prosesa mpya ingengoja vilevile, ila ingengoja kwa bei kubwa zaidi.

Basi nikaenda mtaa wa Kenya kwa fundi mmoja anayeuza vipande vilivyotumika. Nikamwambia: «Natafuta memwari kubwa.» Akaniuliza bila kuinua macho: «Ya kutumika ao ya kuchunga?»

Nilisimama. Kwa Kifaransa tunachokisikia darasani, neno ni moja kwa vyote viwili, na hata ile kazi ya mwisho wa masomo tunaiita kwa neno hilohilo. Yeye alikuwa ametenganisha kwa vitenzi viwili vya nyumbani: kuna memwari ambayo mashini inatumikia, ukizima inasahau, na kuna memwari inayochunga, hata umeme ukikatika. Nikajibu kwamba nataka ya kutumika, maana nataka mwendo. Nikamweleza pia kwamba diski yangu imeanza kulia tak-tak usiku.

Hapo akainua macho. «Inalia? Na kazi yako iko na kopi?»

Haikuwa na kopi. Saa 12 zote zilikuwa kwenye diski ile moja. Kati ya wazee niliowarekodi, wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Nilikuwa nimepiga hesabu za dakika wiki nzima, na sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba sauti zao zinaweza kuondoka pamoja na kile chuma.

Nikabadilisha mpango palepale. Kwanza kle mbili za giga 16, dola 6 kila moja: saa 12 za sauti isiyobanwa hazifiki giga 8, kwa hiyo kila kle ilitosha kubeba zote. Nikaenda nyumbani kunakili kwanza, moja ikabaki kwangu, nyingine kwa dada yangu Kamalondo. Kesho yake nikarudi kununua diski ya SSD ya giga 240 kwa dola 30, kisha kipande cha memwari cha giga 4 kwa dola 10. Nilibeba kipande cha zamani mfukoni ili kulinganisha, kwa sababu memwari ya DDR4 haiingii kwenye ubao wa DDR3, wala ile ya kompyuta ya mkononi haiingii kwenye ya mezani. Dola 8 zilizobaki zikaenda kwenye waya na taksi. Diski ya zamani sikuirudisha ndani.

Sasa kompyuta inawaka kabla ya nusu dakika, na usiku mmoja naandika dakika 20 za masimulizi. Umeme bado unakatika. Ondulere sikuweza kuinunua, kwa hiyo nimeiagiza ELAN ijihifadhi kila dakika 5, na kila Jumamosi nabeba kle yangu hadi Kamalondo.

Siku nilipomaliza kufunga parafujo, mama alikuja kutazama pesa yake. Akalizunguka kasha, akaligusa. «Mbona iko ile ile?»

Nikamwekea sauti ya mzee mmoja wa wale wawili. Mama alimfahamu, walikuwa majirani kambini. Akavuta kiti, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.