Chumvi Katika Gunia la Sukuma Wiki

Msomaji, ukitaka kufika Gatina, panda matatu nambari 46 kutoka katikati ya jiji. Itakupitisha Hurlingham na Valley Arcade, kwenye nyumba zilizojificha nyuma ya miti, kisha ghafla barabara itajaa mikokoteni, mahindi ya kuchoma na mitumba. Hapo umefika Kawangware. Ingia vichochoro vya upande wa Gatina, na uangalie unapokanyaga.

Shamba usitafute. Vyumba vya mabati vimebanana ploti nzima. Lakini tazama mlangoni: gunia limesimama wima, limejaa udongo na samadi, na sukuma wiki zimechomoza kwenye matundu ya ubavuni. Kilimo hiki kilienea sana Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, chakula kilipokuwa ghali.

Mama niliyemtembelea alikuwa na magunia matatu. Mawili yalipendeza. La tatu majani yake yalikuwa yameungua kingoni, kama karatasi iliyokaribia moto.

"Ni wadudu, mwanangu?"

Nilitafuta wadudu, nikawakosa. Nikamwuliza hulinywesha maji gani. Akacheka. Maji hununuliwa kwa mtungi. Nani atamwaga bure maji ya kufulia? Na gunia la tatu ndilo lililo karibu na karai.

Sabuni ya unga ina sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Maji hukauka, sodiamu hubaki. Kila siku ya kufua inaongezeka, hadi mmea unaona kiu huku udongo umelowa.

Usidhani mmea hukaa tu ukingoja kufa. Katika ukoo wa kabichi na sukuma wiki kuna kigugu kidogo kiitwacho Arabidopsis, ambacho wanasayansi hukichunguza kuliko mmea mwingine wowote. Mwaka 1998 Jiping Liu na Jian-Kang Zhu wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitangaza jeni inayokisaidia kustahimili chumvi. Chumvi ikigusa mzizi, kalsiamu hupanda ndani ya seli kwa muda wa sekunde, mithili ya kengele. Protini inayotokana na jeni hiyo huinasa kalsiamu, kisha huamsha protini ya pili, nayo huwasha pampu ya kusukuma sodiamu nje. Arabidopsis ina jeni 10 za familia ya wasikilizaji hao, na 26 za familia ya wanaoamshwa. Si zote zinazoshughulikia chumvi. Nyingine husikiliza mambo mengine, kama vile upungufu wa potasiamu.

Ukoo huo huo una Eutrema, mmea unaoota penye chumvi ya kuua kabichi. Nao una pampu hiyo, ila huiweka tayari kwa wingi kabla chumvi haijazidi. Sukuma wiki ya Gatina haina bahati hiyo. Pampu yake hufanya kazi, lakini sodiamu iliyofukuzwa hurudi udongoni, na gunia halina pa kuipeleka isipokuwa maji safi yapite hadi chini na kutoka nayo.

Nilimweleza mama hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akanisikiliza, akatazama mawingu upande wa Ngong, akamwita mwanawe. Wakaliburuta gunia, mmoja huku mwingine kule, hadi chini ya ukingo wa paa ambako mvua hutiririka. Karai likabaki pale pale.